Singe Namba 4417

Jumanne asubuhi, mvua ilipokatika, Zuberi alifungua dirisha la upande wa mashariki, akatandika kipande cha shuka nyeupe mezani na kuvaa glavu za pamba. Kisu cha jeshi hakishikwi kwa mkono mtupu. Jasho la kidole huacha alama juu ya chuma, na katika Kisangani, mji ambao hata viberiti hulowa ndani ya boksi, alama ya Jumanne huwa kutu ifikapo Ijumaa. Mezani palikuwa na jambia fupi la enzi za babu zake, wale waliokuja na misafara ya biashara na kusahau kurudi, na pembeni yake kioo cha kukuzia, rula ya chuma, kijiti cha mwanzi na chupa ya mafuta ya karafuu.

Kazi yake ilikuwa kutoa hali, yaani kukagua kisu cha kale na kuandika kiko namna gani. Hakunoa wala hakung'arisha. Mtu akichukua singe ya mwaka 1935, kisu cha mdomoni mwa bunduki, akaisugua kwa mchanga mpaka iwake kama sufuria ya harusi, anakuwa ameiua, na Zuberi alikuwa amekwisha kuwafukuza wanaume wazima karakanani kwa kosa hilo. Yeye alitazama rangi ya uzee kwenye chuma, akahesabu vishimo vya kutu, akanusa ala ndani, akabonyeza kitufe cha kufungia kisu kwenye bunduki asikie kama springi bado inajibu. Mwishoni aliandika alama, kuanzia moja hadi tano. Tano aliitoa kwa shida, kama mwalimu wa hesabu.

Mteja wake mkubwa alikuwa Papa Edouard, Mnande wa Butembo mwenye ghala la simenti na chumvi kule Makiso. Wengine wakipata mali huongeza wake. Edouard alikuwa Mkatoliki mwenye mke mmoja, Mama Kasoki, kwa hiyo aliongeza visu. Alikuwa navyo sitini na vitatu, majambia, singe za askari wa koloni na visu vya makomando, na mwaka huo alikuwa akitengeneza chumba karibu na mto ili watu waje kuvitazama ndani ya vioo. Alikuwa na sharti moja tu: namba zilingane.

Kila singe ya jeshi imepigwa namba karibu na mpini, na ala yake imepigwa namba hiyo hiyo karibu na mdomo. Zikilingana, ni jozi. Zikitofautiana, ni mume wa huyu na mke wa yule. Na mtu aliyechomwa na singe hiyo, kidonda kikifunga, au mwenyewe akifa nacho, hubaki na namba hiyo pembeni yake, tarakimu zimenyooka, kama zilivyopigwa kwenye chuma. Watu wa Kisangani walikuwa wamekwisha kuzoea. Kwenye kadi za uchaguzi namba hizo ziliandikwa mahali pa alama za mwili. Wakunga walizisoma wakati wa kuzalisha, wakaendelea na kazi yao. Mapanga hayapigwi namba, kwa hiyo aliyekatwa kwa panga hakuwa na cha kuonyesha, na watu walimwonea huruma kidogo zaidi.

Zuberi alikuwa na daftari la namba hizo. Ukurasa wa kushoto ulikuwa wa watu, wa kulia ulikuwa wa visu. Walio hai walikuja wenyewe. Za marehemu aliletewa na Mama Malika, aliyewaosha maiti wa kike wa Kiislamu mtaa mzima wa Kabondo na ambaye macho yake yalikuwa bado makali. Kwa miaka mingi namba thelathini na moja zilikuwa zimekutana, kushoto na kulia. Zikikutana, Zuberi alituma habari pande zote mbili, na kazi yake iliishia hapo. Kulikuwa na ofisi moja mjini iliyopokea majina na kutoa karatasi yenye mhuri, na watu waliitunza karatasi hiyo pamoja na hati za viwanja. Mara moja mwenye kisu mmoja alimpelekea mwenye kovu mbuzi.

Namba 4417 ilikuwa kwenye ukurasa wa kushoto mara mbili. Mstari wa kwanza ulikuwa wa Madina, dada yake mkubwa, ubavu wa kulia. Mstari wa pili ulikuwa wa Safiya, mtoto wa Madina, miaka minne, aliyezikwa siku ya tatu ya ile vita ya siku sita, Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana mjini. Mama Malika ndiye aliyemwosha, na aliripoti kwamba tarakimu zilikuwa zile zile ila ndogo, kwa sababu mwili ulikuwa mdogo. Ukurasa wa kulia, mbele ya mistari hiyo, ulikuwa mweupe kwa miaka ishirini na minne.

Zuberi alikuwa amefika kwenye mpini wa jambia wakati Papa Gédéon alipopiga hodi.

Hakuna mtu Kabondo asiyemjua Papa Gédéon. Ana viti vya plastiki mia mbili, vya bluu, na penye matanga yoyote, Wakristo au Waislamu, viti vyake hufika kabla ya ndugu wa mbali. Hadai kitu. Baba yake Zuberi alipofariki, waombolezaji walivikalia kwa siku saba, na kimoja kilichovunjika Gédéon alikichukua akicheka. Aliingia, akapangusa viatu, akaweka mezani kitu kilichofungwa kwa taulo.

"Jambo, Zuberi. Nakuletea kitu ya wazee. Ilikuwa ya papa yangu, mu jeshi ya Babelji. Edouard anataka kuitia mu vitrine yake ya vioo, ila anasema namba haifanani. Donc natembea kwako."

Zuberi alifungua taulo. Ilikuwa singe ndefu, nyembamba, chuma chake kikiwa na ile rangi ya kijivu inayopendwa na wanaojua. Chema chajiuza, na hii ilikuwa inajiuza kabla ya kupimwa. Alipima urefu. Alipitisha kijiti cha mwanzi kwenye mfereji wa chuma. Mbao za mpini zilikuwa za asili, skrubu hazikuguswa. Kisha akaweka kioo cha kukuzia juu ya namba, akasoma 4417. Aliisoma tena. Ala ilikuwa na 6032.

Hakushtuka. Alihisi uchovu, uchovu wa mtu aliyengoja mashua kwa muda mrefu hadi amesahau anakwenda wapi. Aliendelea kupima kwa sababu alikuwa amekwisha kuanza.

"Ilishatoka mu mukono yako, papa?"

"Ata siku moja. Papa alikufa 95, iko yangu toka pale. Hata mu vita ya siku sita nilikuwa nayo. Ala yake njo ilipoteaka mule, nikaokota ya mwenzangu."

"Mulikuwa wapi?"

"Mu depo ya muchele, pembeni ya mto." Gédéon alivuta kiti akakaa. "Batu balikuwa banajificha mu mifuko. Siye tulikuwa tunachoma mifuko na singe tu, kuona kama kuna batu."

Zuberi alibonyeza kitufe. Springi ilijibu vizuri. Gédéon akainama mbele, akapunguza sauti kama mtu anayeomba dawa ya tumbo.

"Alors, miye naona vile: upige tupa hapa kwa chuma, uandike 6032, sawa na ala. Ni muzuri zaidi. Namba ile ya zamani inaletaka batu kwa mulango."

Tupa hiyo ingefuta zaidi ya chuma. Namba ikipigwa tupa kwenye chuma, hutoka mwilini pia, siku ya tatu, kama gamba la kidonda. Bibi harusi mmoja wa Mangobo aliwahi kumwomba Zuberi afanye hivyo wiki moja kabla ya ndoa, na alifanya. Kwa marehemu hakuna aliyefukua kutazama.

"Kuna mutu iko na hii namba, papa," alisema Zuberi.

"Mwanaume ao mwanamuke?"

"Mwanamuke."

"Iko muzima?"

"Iko."

"Mungu asifiwe," alisema Papa Gédéon, na alisema kwa moyo wake wote. Akatazama saa. Kulikuwa na matanga upande wa Mangobo, na viti vilikuwa bado vimepangwa nyumbani. Aliacha singe, akaaga, akatoka.

Madina aliishi kwenye nyumba ya nyuma, ua mmoja na Zuberi. Alikuwa akiuza samaki wa kukaushwa wanaoletwa kutoka Isangi, na wakati huo alikuwa amekaa kwenye kigoda akiwatenga wakubwa na wadogo. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alikuwa mwanamke mcheshi kwa wateja na mkimya kwa ndugu, na kanga yake aliifunga juu, karibu na kwapa, tangu mwaka ule.

"Yaya," alisema Zuberi, maana ndivyo walivyowaita wakubwa wao wa kuzaliwa, "4417 imekuya."

Madina aliweka samaki chini. "Nani?"

"Papa Gédéon."

"Ule ya viti?"

"Ule ya viti."

Madina aliokota samaki yule yule, akamtazama, akamtia kwenye kundi la wakubwa. "Kila wiki, Samedi, anachukuaka samaki ya ngolo tatu kwangu," alisema. "Anapendaka ya kichwa kubwa."

Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na kanisa, na kwaya ilikuwa inafanya mazoezi ya wimbo mmoja, ikikosea mahali pale pale. Zuberi alieleza yote: depo, mifuko, ala iliyopotea, tupa. Alieleza kama anavyoandika ripoti, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kueleza. Mwishoni akamwambia dada yake kwamba akitaka, namba inaweza kutoka, na atalala bila namba kwa mara ya kwanza tangu ujana wake.

"Hapana, leki," alisema Madina, kwa neno lao la mdogo wa kuzaliwa.

Safiya hakuacha nguo, maana nguo zilioza. Hakuacha picha, maana hakuna aliyewahi kumpiga. Jina lake hakuna aliyelitaja tena ila mama yake na mjomba wake, na siku nyingine hata wao walipitiwa. Aliacha namba, na nusu ya namba hiyo ilikuwa kwenye ubavu wa Madina. Mwenye kovu usidhani kapoa, watu husema, na husema vizuri. Lakini Madina hakuwa anatafuta kupoa. Alitaka kubaki nayo. Alimpenda mtoto wake kwa mapenzi yale yale ya siku ya depo, hayakuongezeka wala hayakupungua.

"Asome kwangu na macho yake," alisema. "Kisha aseme jina ya mutoto. Mara moja tu. Sitaki mbuzi, sitaki karatasi. Aseme Safiya, basi, aende."

Ombi hilo halikuwa kubwa. Zuberi aliona linawezekana.

Jumatano alipanda baiskeli ya toleka, ile ya kubeba abiria, mpaka Makiso. Papa Edouard alikuwa amesimama katikati ya mifuko ya simenti, simu sikioni. Aliposikia kwamba namba ya tatu, ya mwilini, ipo na iko hai, alikata simu bila kuaga.

"Tatu? Kwa chuma moja?"

"Ala bado haifanani. Lakini kwa mutu, ndiyo."

"Zuberi, hata kule Kinshasa hakuna mutu ana hiyo. Hapana, hapana, hapana. Tupa isiguse ile chuma. Piga ala."

Mama Kasoki, aliyekuwa akipita na kitabu cha risiti, alisimama. "Na ule mama anakubali?"

"Anakubali asomwe," alisema Zuberi. "Na anataka jina ya mutoto wake isemwe."

"Jina, jina, jina haina shida," alisema Edouard, akipangusa vumbi la simenti kwenye miwani. "Tutaona."

Kupiga ala namba mpya ni uongo, lakini ni uongo wa kawaida katika kazi hiyo, kama kupaka wanja. Baba yake Zuberi alimfundisha kwamba ala hugongwa, chuma hakigongwi. Alhamisi Zuberi alisawazisha 6032 kwa tupa laini, akatia kipande cha mti ndani ya ala ili isibonyee, akachukua nyundo ndogo na akagonga nne, nne, moja, saba. Alipaka masizi na mafuta ili namba isionekane changa. Ilitoka vizuri. Alijipongeza, na muda mfupi baadaye aliona haya kwa kujipongeza.

Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, walikusanyika karakanani. Kusoma namba kwa mwanamke kuna desturi yake. Mama Malika alikuja na kitambaa cheupe chenye tundu la upana wa kiganja, akamfunika Madina kuanzia shingoni hadi miguuni, akaweka tundu juu ya kovu, akabana pembe nne asiruhusu upepo kuingilia mambo. Madina alikaa wima kwenye benchi, uso ukielekea ukutani. Edouard alisimama mlangoni. Gédéon alikuja amevaa shati la kupigwa pasi.

Hakuwa ameambiwa ni nani. Alitoa miwani mfukoni, akaivaa, akainama mbele ya tundu.

"Ine," alisoma. "Ine. Moja. Saba." Zuberi alimpa singe, na akalinganisha bila haraka, chuma na ubavu, ubavu na chuma. "Njo yenyewe. Angalia, hata ile moja inainama kidogo, sawa na hapa." Alifurahi, kama mtu aliyeukuta mzigo wake bandarini wakati alikwisha kuukatia tamaa. Akatazama juu, akauona uso wa Madina ulipogeuka.

"Ah! Mama Madina! Kumbe ni weye. Miaka yote hii."

"Ni miye, papa."

"Na haukusemaka kitu."

"Sikujua kama ni weye."

"Ni kweli," alisema Gédéon. "Hata miye sikujua."

Edouard alisema ni jambo la ajabu jinsi tarakimu zilivyohifadhika. Mama Malika alimwambia anyamaze.

"Nilikuwa na mwingine mu mufuko ile," alisema Madina. "Mutoto. Alikuwa mbele yangu, nilikuwa namushika hivi. Anaitwa Safiya. Sema jina."

Gédéon alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Uso wake haukuwa mbaya. Ulikuwa uso wa mtu anayetafuta neno la adabu na kukuta kabati tupu.

"Siku ile mifuko ilikuwa mingi, mama," alisema. "Miye sikuona mutu. Niliona mifuko."

"Naelewa. Sema Safiya."

"Pole, mama. Pole ya yote."

"Asante. Sema jina, papa. Ni jina tu."

"Ile wakati ilikuwa mubaya kwa batu yote," alisema Papa Gédéon. Alimtazama Zuberi, kama mtu anayetaka kusaidiwa kufungua kufuli. Zuberi alimpenda dada yake kuliko alivyowahi kumwambia, na alijua kwamba hapo ndipo ndugu wa kiume anaposema neno, hata neno moja baya. Hakusema. Alikuwa ameipokea singe na alikuwa anatazama isiguse ukingo wa meza. Aibu hiyo ilimpata baadaye na haikumtoka.

Gédéon aliaga kila mtu kwa mkono, hata Madina, aliyetoa mkono wake kupitia chini ya kitambaa. Kulikuwa na matanga mengine. Mama Malika alikunja kitambaa chake mara nne, akasema amechoka, akaenda nyumbani.

Alasiri ile Zuberi aliandika ripoti. Chuma: kizuri sana, rangi ya asili, vishimo viwili vya kutu karibu na ncha. Mpini: wa asili. Springi: inafanya kazi. Ala: nzuri. Namba: zinalingana mahali patatu. Mkono wake ulikuwa mwepesi mpaka alipofika mstari wa mwisho, ule wa ukamilifu, ambapo huandikwa kama kuna kipande kinachokosekana. Alikaa mbele ya mstari huo mpaka kwaya ya jirani ikamaliza mazoezi. Kisha akaandika: Si kamili. Namba ya nne haipo. Akatoa alama nne badala ya tano.

Hicho ndicho alichoweza. Si kitu cha kujisifu nacho, na hakujisifu.

Edouard aliposoma alisikitika, kwa ajili ya ile alama moja. Aliuliza kama kipande hicho hakiwezi kuachwa bila kutajwa, kwani watu hawatajua. Zuberi alisema kwamba hali ni hali. Edouard, kwa haki, hakuwahi kubadilisha neno la mkaguzi wake, na hakubadilisha hilo. Ila jina la mtoto halikuingia kwenye kadi. Kadi ilikuwa na nafasi ya kiwanda, mwaka na mtoaji. Waliochomwa hawaandikwi, alieleza Edouard kwa upole, la sivyo chumba kingekuwa makaburi, na nani atakuja makaburini Jumapili na watoto.

Chumba kilifunguliwa Jumapili baada ya misa ya pili. Watu walikuja wengi, pamoja na watu wa serikali na masista wawili. Singe ilikuwa ndani ya kioo cha katikati, chini ya taa. Kadi ilisema: Singe ya askari wa koloni, 1935. Namba 4417. Namba zinalingana mahali patatu. Si kamili. Zawadi ya Papa Gédéon. Viti vya wageni vilikuwa vya bluu. Madina alikuja amevaa vizuri, akasimama mbele ya kioo kwa muda, akasoma kadi yote, akatoka. Bibi mmoja nyuma yake aliuliza hiyo ya tatu iko wapi, na mumewe akamwambia labda iko ndani ya mpini.

Siku tisa baadaye Papa Gédéon alirudi karakanani. Hakupangusa viatu. Ilikuwa mara ya kwanza Zuberi kumwona amekasirika, na hakukasirika sana.

"Zuberi, unaandika 'si kamili'. Batu bananiuliza kila siku, kwa matanga, mu njia. Edouard anasema ni weye. Miye mwenyewe nimeenda kuiangalia: mbao iko mbili, skrubu iko, kitufe iko, ala iko. Inakosa nini?"

"Inakosa namba ya ine, papa."

"Iko wapi?"

"Mu makaburi ya Baislamu," alisema Zuberi. "Safiya, mutoto ya yaya Madina. Alikuwa na miaka ine."

Alilisema jina kwa sauti ya kawaida, na lilikaa mezani kati yao pamoja na rula na mafuta. Papa Gédéon alilitazama mahali lilipo. Alifikiri kweli kweli, mkono kidevuni, kama mtu mwema anayetaka zawadi yake iwe nzima.

"Na haiwezi kupatikana tena?"

"Haiwezi, papa."

"Hata ingine ya kufanana?"

"Hapana."

Gédéon alitikisa kichwa. Alitazama dirishani, kisha mikono yake, kisha saa.

"Bon," alisema. "Acha ibaki vile."

Akatoka, akafunga mlango polepole usigonge.

Madina aliinua pazia la mlango wa nyuma. Alikuwa amesimama pale tangu mwanzo, na magamba ya samaki mkononi.

"Anasema jina?"

"Hapana, yaya."

"Kuna jina nimesikia."

"Ni miye nilisema."

Alikubali kwa kichwa. "Na nyuma ya pale, alikuwa anauliza nini? Sikusikia muzuri."

Zuberi alivua glavu. Alifikiria kumdanganya, akaona hana uongo wa kumtosha. "Alikuwa anauliza kama iko ingine ya kufanana."

Madina alilichukua swali hilo kama swali. Alilitafakari, macho yakiwa kwenye ukurasa mweupe wa daftari ambao sasa haukuwa mweupe tena.

"Ingine haikukuwaka," alisema, akashusha pazia na kurudi uani.